Mpeni mtoto swali kabla ya kumpa tarehe

Jioni, wakati wa kazi za shuleni, nyumba nyingi za mitaani kwetu hutoa sauti moja. Mtoto wa darasa la tano amekaa barazani, daftari mapajani, macho kayafumba, anakariri. Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. TANU, tarehe 7 Julai 1954. Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Akikosea anarudi mwanzo. Hatua tatu kutoka hapo bibi yake anachambua mchele. Bibi huyo alikuwa msichana mkubwa Operesheni Vijiji ilipowafikia. Alihamishwa, akajenga upya, akapanga foleni ya sukari, na kaka yake akaenda vitani Kagera. Hakuna anayemuuliza kitu. Kilichomo kichwani mwake hakimo kwenye mtihani.

Nimeliona hili katika nyumba nyingi mno kiasi cha kutoweza kumlaumu mwalimu mmoja au shule moja. Ndivyo tulivyokubaliana, kimya kimya, kwamba historia ni kitu kilichokwisha kupikwa, kazi ya mtoto ni kumeza.

Mimi sikubaliani. Mtoto wa shule ya msingi haijui historia mpaka aifanye kwa mikono yake: aulize, ashike, apime, alinganishe maneno ya watu wawili wasiokubaliana, kisha akate shauri. Na kazi hiyo haidai basi la kukodi wala kompyuta. Inadai mwalimu aliyepewa nafasi na familia iliyo tayari kuulizwa.

Wakati wa kulisema ni huu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi, baada ya miaka mingi ya historia kubanana na jiografia ndani ya Maarifa ya Jamii. Ni jambo jema. Ila somo likipata jina lake na kitabu chake, halafu likafundishwa kwa mtindo uleule, tutakuwa tumeongeza idadi ya tarehe za kukariri barazani.

Basi la ziara

Ukitaja kujifunza historia kwa vitendo, mawazo ya wengi yanakimbilia ziara. Barua inaletwa nyumbani: safari ya Bagamoyo, mchango wa kila mtoto ni kiasi hiki, mwisho wa kulipa Ijumaa. Mama mwenye watoto watatu katika shule hiyo anapiga hesabu ya nauli, chakula na fulana ya safari (fulana inahusianaje na historia, sijapata kuelezwa), kisha anaamua ni yupi aende. Wawili wanaobaki nao wanapata somo siku hiyo, ingawa si la historia.

Na aliyekwenda anarudi na nini? Pita kwenye magofu ya Kaole, hapo Bagamoyo, siku yenye mabasi. Watoto hamsini wamemzunguka mwongozaji mmoja. Walio nyuma hawasikii, walio mbele wananakili maandishi ya kibao neno kwa neno. Makaburi yenye minara, kuta za msikiti wa karne ya 13, kisima, vyote vimegeuka imla. Saa saba chipsi zinagawiwa, picha ya pamoja inapigwa, basi linaondoka. Jumatatu darasani hakuna anayekumbushia Kaole, isipokuwa kumtania aliyetapika njiani.

Sisemi ziara zifutwe. Mtoto aliyesimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, akahesabu nguzo na kutazama kuba juu ya kichwa chake, amepata kitu ambacho hakuna ukurasa wa kitabu utakaompa. Lakini ziara ni ya kwenda kutafuta jibu. Asiye na swali anakwenda kutembea tu, na kutembea kunaweza kufanyika bila kumchangisha mama wa watu.

Tena kuna mahali ambapo hata mwenye fedha hakioni alichokifuata. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zilifukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978. Zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walizifukia tena ili zisiharibiwe, wakabaki na nakala zake. Basi la shule litafika, na nyayo zenyewe ziko chini ya udongo.

Sasa chukueni shule ya kijijini isiyo na basi. Mwalimu wa darasa la tatu anamwaga ndoo kadhaa za maji kwenye kona ya uwanja, anasubiri tope lishike. Darasa linageuza migongo, watoto watano wanapitishwa juu yake: mmoja anatembea taratibu, mmoja anakimbia, mmoja amembeba mwenzake mgongoni, mmoja anafuata nyuma akikanyaga mlemle walimokanyaga wenzake. Kisha waliogeuka wanaitwa. Nani kapita hapa? Walikuwa wangapi? Mbona hizi zimezama zaidi? Mmejuaje? Watabishana mpaka kengele igongwe, na aliyebebwa ataapa kwamba hakupita kabisa.

Hapo ndipo mwalimu anapowaambia kwamba Laetoli kuna msururu wa nyayo wenye urefu wa meta 27 hivi, walipopita zamadamu juu ya majivu ya volkano yaliyoloa, na kwamba nyayo ndogo kuliko zote zina urefu wa sentimita 18 hivi. Rula zitoke, miguu ipimwe. Mtoto atakayegundua kwamba mguu wake ni mrefu kuliko huo atauliza mwenyewe swali ambalo wataalamu wanalijadili hadi leo: yule alikuwa mtoto, au alikuwa mtu mzima mwenye umbo dogo? Kitabu kingempa jina la mahali na mwaka, akayasahau kabla ya likizo ya Juni.

Wanafunzi waliotumwa kwa wazee

Watakuwepo wa kusema kwamba huu ni mchezo wa tope, historia ya kweli imo vitabuni. Haya, tuangalie hiyo ya vitabuni ilitoka wapi.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Maji Maji kutoka kwa watu waliopigana, mbali na ripoti za maofisa wa Kijerumani, ilikusanywa mwaka 1968. Idara ya Historia ya chuo kikuu pale Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake wakakae na wazee, wawaulize na kuandika. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo. Piga hesabu: mtu aliyekuwa na miaka 10 mashina ya pamba yalipong'olewa Nandete, Umatumbi, Julai 1905, vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na miaka 73. Wangesubiri hadi 1988 wangekuta makaburi.

Basi kumtuma mtoto kwa mzee si kiburudisho cha kuchangamsha kipindi cha mwisho. Ndiyo njia iliyotupatia historia yetu wenyewe. Watoto tumewapa mavuno, shamba tukawaficha.

Chukueni sababu za Maji Maji. Daftarini ni orodha: kodi, kazi za kulazimishwa, kilimo cha pamba cha lazima, ukatili wa maakida. Mtoto anaandika "kilimo cha pamba cha lazima" bila kushtuka, maana pamba anayoijua yeye ni ya kusafishia kidonda. Mpeni karatasi yenye miezi kumi na miwili aende nayo nyumbani. Ajaze pamoja na baba yake au babu yake: shamba linaandaliwa lini, kupanda lini, palizi lini, kuamia ndege lini, kuvuna lini, chakula cha mwaka jana kinapungua lini ghalani. Kesho yake mwalimu apite na kalamu nyekundu, afute siku za palizi kwenye kila karatasi na kutangaza kwamba siku hizo wote wako kwenye shamba la pamba la akida. Halafu aulize swali moja tu: mtakula nini?

Mtoto wa mkulima atalijibu kabla ya mwalimu kumaliza kulisema. Na akisikia kwamba vita vilipopamba moto majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, hatashangaa kuambiwa kwamba njaa iliua watu wengi kuliko risasi, wala kwamba makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na mengine yanafika 300,000. Kalenda yake mwenyewe imekwisha kumwonyesha njaa inavyoanza.

Nasikia pia kilio cha walimu, na ni cha haki: darasa lina watoto themanini, nani atafanya haya yote? Katika masomo mengi wingi huo ni mzigo. Katika hili una faida yake. Watoto themanini wanatoka nyumba karibu themanini, na kila nyumba ina mtu aliyeona kitu. Hakuna maktaba ya shule ya msingi nchini yenye utajiri huo.

Wazee nao hukosea

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Huharibika. Mmoja atakuambia foleni za sabuni zilianza kabla ya vita vya Kagera, mwingine ataapa kwamba zilianza baada ya vita, na watakaa kibaraza kimoja kila mmoja akiwa na hakika. Muulize mtu kuhusu vijiji. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Bibi mmoja atakisimulia kipindi hicho kama mwaka walipopata shule, zahanati na bomba la maji. Jirani yake atasimulia migomba waliyoiacha, paa la nyumba ya baba yake lililoezuliwa huku wakitazama, na msimu wa mvua walioulalia nje.

Hapo mwalimu anatishika. Amfundishe mtoto lipi? Wengi wanafunga mada na kurudi kwenye kitabu, ambacho hakina majirani wanaogombana. Mimi naona ndipo somo linapoanza. Mtoto aandike ya bibi wa kwanza upande wa kushoto, ya bibi wa pili upande wa kulia, aweke alama wanapokubaliana, kisha atafute shahidi wa tatu. Shahidi huyo mara nyingi hana mdomo. Yumo sandukuni: kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, picha ya harusi yenye tarehe nyuma, kanga iliyotolewa kwa sherehe fulani. Imo ile mifuko midogo ya sarafu zilizoanza kutolewa mwaka 1966, senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura. Muulizeni babu sungura mmoja alinunua nini mwaka alioanza shule, kisha linganisheni na jibu la babu wa nyumba ya pili. Mtajifunza hisabati pia.

Kuna swali dogo ninalolipenda kuliko yote: tunajuaje? Watoto wa Iringa wapelekwe Kalenga, si mbali, wakaone fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, lakini waende na swali hilo. Mkwawa alilishinda jeshi la Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akajiua mwaka 1898 asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe. Kikarudi mwaka 1954, baada ya gavana Edward Twining kwenda kwenye makumbusho ya Bremen na kulichagua fuvu miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo na vya ukoo wa Mkwawa. Mwambie hayo mtoto wa darasa la sita, umwache. Atauliza: kama hakuwa yeye je? Hakuvunja heshima. Amekuwa mwanahistoria, na Wahehe wanaolienzi fuvu lile hawajapungukiwa na kitu.

Shida ni kwamba sisi wazazi tunapenda methali kuliko tunavyopenda kuitii. Kuuliza si ujinga, tunawaambia. Mtoto akiuliza mara ya tatu ana kiherehere, akiuliza mara ya nne anatumwa dukani. Halafu akifika miaka thelathini tunashangaa hajui babu yake alitoka wapi, lini alifika hapa na nani alimkaribisha. Hilo si jambo la makumbusho. Kaeni siku moja kwenye baraza la ardhi la kata msikilize migogoro ya mipaka na mashamba ya urithi: ndugu wawili wazima, wote wamesoma, hakuna anayejua mwembe ule ulipandwa na nani wala shangazi alipewa shamba kwa makubaliano gani. Waliojua walizikwa, na wakati wa uhai wao hakuna mtoto aliyetumwa na shule kuwauliza.

Kuuliza kuna adabu yake, na adabu hiyo ni sehemu ya somo. Shikamoo kwanza, sababu ya ujio pili, daftari lifunguliwe baada ya ruhusa. Mzee ana haki ya kunyamaza. Aliyempoteza mwanawe Kagera asishikiliwe na mtoto wa miaka kumi eti mwalimu anataka jibu la swali la saba. Mwalimu ayapitie maswali kabla hayajaenda mitaani. Na mzee akialikwa shuleni apewe kiti, chai na watoto wachache mbele yake. Asiwekwe kwenye meza kuu na kipaza sauti, maana hapo atatokea mgeni rasmi, na mgeni rasmi akishaanza kuzungumza wazee watarudi nyumbani na historia yao.

Kamba, mjeledi na simu za wazazi

Si kila kinachochangamsha kinafundisha. Kwenye mahafali nimeona zaidi ya mara moja igizo la biashara ya utumwa: watoto wamefungwa kamba shingoni, mwenzao kavaa kanzu na ndevu za pamba, ameshika mjeledi, na wazazi wamenyanyua simu wakirekodi na kucheka. Sijui kipi kinaniuma zaidi, kicheko au kanzu. Mtoto aliyefungwa amejifunza kuigiza kilio. Mwenye mjeledi amejifunza utamu wa kuushika. Mwenzao ambaye nyumbani kwao kanzu ni vazi la Ijumaa amejifunza kwamba yeye ndiye adui. Kwenye viti vile wamekaa wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na wengi wao ni wajukuu wa wote wawili.

Tamthilia si kosa. Ebrahim Hussein alituonyesha katika Kinjeketile, tamthilia ya Maji Maji iliyochapishwa mwaka 1969, kwamba jukwaa linaweza kubeba historia ngumu, kwa kumpa kiongozi shaka moyoni badala ya kumpa upanga tu. Kosa ni kuyafanya mateso yawe burudani.

Kwa utumwa, mimi ningemfuatisha mtoto mtu mmoja kwenye ramani. Chuma, kwa mfano: kijana wa Kiyao aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa na kundi la akina Livingstone. Miaka 12 baadaye Livingstone alipofariki, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, mwenzake Susi na wengine waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, ulikofika mapema mwaka 1874. Mpe mtoto uzi, ramani ya ukutani na maswali. Walipita wapi? Walikula nini? Waliwaambia nini watu wa vijijini waliouliza mna nini ndani ya mzigo huo? Kwa nini hawakumzika palepale wakaenda zao? Na kwa nini vitabu vinamkumbuka aliyebebwa kuliko waliobeba? Hapo mtoto ameuona utumwa ulivyomchukua mtu na mtu alivyobaki mtu, bila kamba shingoni mwa yeyote.

Mtihani ndio bwana mkubwa

Hakuna mwalimu asiyeyajua haya. Wengi waliyafundishwa vyuoni, na wachache wakaidi wanayafanya kimyakimya, Ijumaa, mkaguzi akiwa mbali. Kinachowazuia ni mtihani. Shule inapimwa kwa ufaulu, ufaulu unatoka zaidi kwenye maswali ya kuchagua herufi, na herufi haimdai mtoto kujua tunajuaje. Mzazi naye anayelalamika kwamba mtoto "anacheza matope badala ya kusoma" hana makosa sana. Ameona nafasi za sekondari zinavyogawiwa. Ukimwambia mwalimu abadilike peke yake, unamwambia awatoe sadaka watoto wake wa darasa la saba kwa ajili ya falsafa yako.

Kwa hiyo nabisha mlango wa Baraza la Mitihani, si wa mwalimu. Wala siombi mageuzi makubwa. Naomba swali moja kwenye upimaji wa darasa la nne: masimulizi mawili mafupi ya tukio moja, ya watu wawili, na chini yake mtoto aulizwe wanakubaliana wapi, wanapishana wapi, na yeye angemtafuta nani wa tatu wa kumuuliza. Liwe na alama za kutosha kuitia shule wasiwasi. Mwaka mmoja tu baada ya hapo, kila kituo cha tuisheni kuanzia Mbagala hadi Mwanjelwa kitabandika bango nje kwamba kinafundisha watoto kuhoji wazee, na mchango wa kulipia utapangwa.